Laptopu imekufa na waranti bado iko: fundi aje Amu au uitume? Mwongozo kamili kwa watu wa visiwani

Laptopu imezima, waranti ingali hai, unapiga simu kampuni wanakuuliza unataka fundi aje ulipo au utaituma mashine kwenye depo yao, yaani karakana yao ya matengenezo, na wengi wetu tunajibu "aje" hapo hapo manake inasikika ndo rahisi. Kwa mtu wa Nairobi ni rahisi kweli. Kwetu sisi wa Amu, yaani kisiwa cha Lamu, kuna bahari katikati, kuna Mokowe, gati ya upande wa bara, kuna barabara ya Witu na Garsen, na hayo yote hayamo kwenye karatasi ya waranti. Msimamo wangu nautoa mapema: usichague kwa kufuata jina la huduma, jiulize ni kitu gani kitavuka maji, ni kipuri, ni fundi, au ni laptopu yenyewe, alafu jiulize tena kitu hicho kikikwama njiani wewe utabaki na nini mkononi. Ukijibu hayo mawili umeshamaliza nusu ya kazi.

Hatua ya 1: Jua waranti ni ya nani hasa

Hapa ndo watu wengi huumia. Kuna waranti ya kampuni iliyotengeneza laptopu na kuna waranti ya duka, na hizo ni vitu viwili tofauti kabisa. Laptopu nyingi zinazouzwa Mombasa na Nairobi ni zile za eksi-UK, zilishatumika ofisini Uingereza zikasafishwa zikaletwa, na ile "waranti miezi sita" anayokuandikia muuzaji kwenye risiti ni ahadi yake yeye mwenyewe. Kwa hiyo swali la fundi kuja au kutuma depo halikuhusu, wewe utairudisha pale pale dukani, na kitu kitakachokusaidia ni risiti yenye siria namba, ile namba ya pekee ya laptopu yako, imeandikwa. Risiti iliyoandikwa "laptopu HP moja" haitoshi, mwambie aandike siria namba kabla hujatoa hela.

Kama ni waranti ya kampuni, tafuta siria namba. Iko chini ya laptopu kwenye stika ndogo au imechongwa. Dell wao wana sevisi tagi, herufi na namba saba. HP ikiwa bado inawaka bonyeza Fn na Esc kwa pamoja itakutokea kila kitu. Ile stika ikipigwa na jasho la mkono na hii hewa yetu ya chumvi hufutika, kwa hivyo hata kama laptopu yako saa hii ni nzima igeuze uipige picha leo leo, na picha uiweke kwenye simu au ujitumie kwa imeli.

Ingiza hiyo namba kwenye ukurasa wa waranti wa kampuni husika. Angalia mambo matatu: tarehe ya kuisha, aina ya huduma, na nchi. Kwa HP utakuta mara nyingi tarakimu tatu kama 1-1-0 au 3-3-3, ya kwanza ni miaka ya vipuri, ya pili ni miaka ya kazi ya fundi, na ya tatu ndo miaka ya kufuatwa ulipo. Yaani mwenye 1-1-0 hana huduma ya fundi kuja, hata abishane vipi. Betri nayo uiangalie peke yake, kwa kawaida inalindwa mwaka mmoja tu hata kama laptopu yenyewe ina miaka mitatu.

Na sisi wa Amu tuna jamaa wengi Omani, Dubai na Saudia, laptopu nyingi zinaingia hapa kwenye begi la mtu aliyerudi likizo. Hiyo ilisajiliwa nchi nyingine. Kampuni kadhaa zinakubali kuhamisha usajili, Dell kwa mfano wana fomu ya kuhamisha umiliki na nchi kwenye saiti yao, lakini fanya hivyo ikiwa nzima, usingoje iharibike ndo uanze kujaza fomu.

Hatua ya 2: Isome ile "siku ya kazi inayofuata" vizuri

Watu wanalipia waranti ya onsaiti, yaani ya fundi kukufuata ulipo, wanaona "siku ya kazi inayofuata", wanadhani laptopu ikifa Jumatatu fundi atabisha hodi Jumanne. Hapana. Hesabu inaanza baada ya wao kumaliza kukupima kwa simu na kukubali kwamba ni tatizo la mashine, na ukiwa umepiga alasiri sana unahesabiwa siku ya pili. Alafu hiyo ahadi ni kwa maeneo wanayoyahudumia kwa kawaida, mikataba huwa na kifungu kuhusu sehemu za mbali, kwamba muda utakuwa mrefu zaidi au utalipa gharama za safari.

Kwa hiyo kabla ya kukubali fundi aje, uliza maswali haya kwa imeli au kwa chati, usiulize kwa simu tu manake ya simu hupotea:

- Kisiwa cha Lamu kiko ndani ya eneo lenu la kuhudumia? Taja neno kisiwa. Ukisema "kaunti ya Lamu" watadhani ni gari moja kwa moja mpaka mlangoni.
- Fundi anatoka wapi, Mombasa au Nairobi?
- Boti kutoka Mokowe, au ndege mpaka Manda na boti ya kuvuka, na kulala ikibidi, nani analipa?
- Kipuri kikija kikawa sicho, safari ya pili iko juu ya nani?

Majibu yao yahifadhi. Siku wakikugeuka una kitu cha kuwaonyesha.

Hatua ya 3: Ipime mwenyewe kwanza

Usiruke hapa, manake aina ya ugonjwa ndo itakayoamua njia. Chomoa chaja, bonyeza kitufe cha kuwasha ukishikilie kama sekunde 30, alafu rudisha chaja ujaribu. Azima chaja nyingine ya aina ile ile, tena uchomeke kwenye soketi nyingine, stima yetu ikienda na kurudi hupiga chaja kabla ya kupiga laptopu. Skrini ikiwa nyeusi lakini unasikia feni inazunguka, ichomeke kwenye TV kwa waya wa HDMI na ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na P. Ukiona picha kwenye TV basi bodi iko hai, shida ni skrini au waya wake, na hiyo ni kazi ambayo fundi anaimaliza akiwa mezani kwako.

Dell ukiwasha huku unabonyeza F12 utapata sehemu ya kujipima, HP ni Esc kisha F2. Ikitoa kodi ya kosa iandike herufi kwa herufi au ipige picha. Ikiwa haiwaki kabisa lakini taa inapepesa, hesabu inapepesa mara ngapi na rangi gani, ipige video. Ukiwa na kodi mkononi yule wa kwenye simu anaruka maswali mengi, na muhimu zaidi analeta kipuri sahihi, na kwetu sisi kipuri sahihi mara ya kwanza ndo kila kitu.

Hatua ya 4: Sasa amua

Anza na njia ambayo wengi hawaijui: omba watume kipuri peke yake. Chaja, RAM (memori ya mashine), na kwenye modeli zingine SSD (diski ya ndani), betri au kibodi, vinahesabiwa kama vitu ambavyo mwenye laptopu anaweza kubadilisha mwenyewe. Kipuri kinavuka maji, laptopu inabaki kwako, wewe na bisibisi mnamaliza. Wengine wanataka ile ya zamani uirudishe, kwa hivyo boksi lililoleta kipuri usilitupe.

Ikiwa ni skrini, feni, au kibodi ambayo lazima mashine ifunguliwe yote, na una onsaiti, na wamekubali kwa maandishi kwamba wanavuka mpaka kisiwani, basi fundi aje. Hizo ni kazi zenye mwanzo na mwisho.

Lakini kama ugonjwa ni wa kuja na kuondoka, inazima yenyewe mara moja kwa siku, au inakwama ikipata joto tu, itume. Fundi akija nyumbani ana saa chache, mashine siku hiyo itafanya adabu, ataibadilishia kipande kimoja kwa kubahatisha, aende, na usiku inazima tena. Depo wanaweza kuiacha inawaka kutwa kucha na wana vipuri vyote rafuni. Mimi kwa shida za aina hii sioni sababu ya kumsumbua mtu na boti.

Mazabodi, ile bodi kuu ya mashine, iko katikati. Fundi anaweza kubadilisha mezani kwako, ila ndo kipuri ambacho kikija kibaya safari nzima imekwenda bure. Kama laptopu yako haina siri na unaweza kuishi bila yake kwa muda, itume. Kama ndo chombo cha kazi, endelea kusoma hapo chini kuhusu Malindi.

Sasa siri. Daktari wa zahanati mwenye faili za wagonjwa, mwalimu mwenye alama za wanafunzi, mtu wa gesti Shela mwenye pasipoti za wageni amezihifadhi kwenye laptopu, nyinyi mmebeba taarifa za watu wengine na sheria ya kulinda data ya 2019 inawahusu. Kwenu nyinyi uzito uende kwa fundi kuja, mashine isitoke machoni, au uliza kama unaweza kutoa SSD ukabaki nayo ndo utume. Kuna kampuni zinauza nyongeza kwenye waranti ya kukuruhusu kubaki na diski hata ikiwa ndo mbovu, kwa ofisi hiyo inafaa.

Na kama ilimwagikiwa chai, au imeanguka kwenye baraza, au ukimulika tochi kwenye matundu ya USB unaona ukijani wa kutu, jua hilo kwa kawaida halimo kwenye waranti ya kawaida, linahitaji bima ya ajali iliyonunuliwa kando. Ukiituma hivyo hivyo ukanyamaza, depo wataifungua, watapiga picha, watakuletea bei, na ukikataa bei wanaweza kukudai gharama ya kupima na usafiri. Sema ukweli toka mwanzo uulize bei kabla haijatoka Amu.

Alafu kuna njia ya tatu, ambayo kwa mtu wa kisiwani mwenye waranti ya onsaiti naiona bora kuliko zote: kutana na fundi Malindi au Mombasa. Karibu kila nyumba hapa ina shangazi au ndugu Malindi. Malindi kuna lami safi kutoka Mombasa, kama kilomita 120, fundi anakwenda na kurudi siku moja bila lawama, na kwa kampuni nyingi kuikubali anwani ya huko ni rahisi zaidi kuliko Lamu. Wewe unapanda boti alfajiri, basi Mokowe, unashuka Malindi na laptopu yako kwenye begi, fundi anakuja kwa shangazi. Kipuri kikiwa kibaya, cha pili hakiko mbali. La kuzingatia ni moja tu, anwani hiyo uitoe wakati wa kufungua kesi, yaani ombi lako la matengenezo kwa kampuni, ukibadilisha katikati wanaanza hesabu upya.

Angalia pia msimu. Wakati wa kusi, ule upepo wa kusini, bahari inachafuka na mvua za masika zikishika njia inakuwa na mambo yake. Mwisho wa 2023 mvua za El Nino zilipopiga, mto Tana ulifurika barabara ya Garsen kuja huku ikakatika na magari yakalala njiani. Wiki ya Maulidi nayo mji unajaa, boti na mabasi hayana nafasi, usipange fundi aje siku hizo.

Hatua ya 5: Ukiamua fundi aje

Fanya bakapu kwanza, kama mashine bado inawaka. Diski ya nje, au hata flashi kwa zile faili za lazima. Kisha tafuta kodi ya BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga diski. Laptopu nyingi za Windows siku hizi zimefungwa na BitLocker bila mwenyewe kujua, na fundi akibadilisha mazabodi, ikiwaka inakudai kodi ya tarakimu 48, huna hiyo kodi basi kazi zako zote umezipoteza ingawa diski ni nzima. Mara nyingi imehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, ingia kwa simu, iandike kwenye karatasi. Hii ukiisahau hakuna fundi wa kukusaidia.

Muelekeze vizuri. Mji wetu hauna gari wala namba za nyumba za kufuata, mpe alama, Mkunguni mbele ya ngome wanaijua wote, na umtume kijana ampokee gatini. Mwambie aanze safari mapema, basi likichelewa afike Mokowe kabla giza halijaingia.

Meza iwe pana, karibu na dirisha, na feni ya dari uizime, hupeperusha vumbi ndani ya mashine. Mletee sahani nyeupe ya kuwekea skurubu. Nimekaa pembeni ya kazi hizi na kitu ninachokiangalia kwanza ni hiki: fundi mzuri akishafungua kava la chini, mkono wake wa kwanza unakwenda kwenye waya wa betri, anauchomoa, ndo anagusa kingine. Alafu skurubu anazipanga kwenye sahani kwa umbo la zilivyokuwa, manake za karibu na bawaba huwa ndefu kuliko zingine, na ndefu ikiingia mahali pa fupi inatoboa mpaka kwenye kibodi. Zile waya bapa nyembamba kama ukanda anainua kile kifungo kidogo kwa ukucha kabla ya kuvuta. Ukimuona anavuta tu, mwambie kwa adabu, "bwana taratibu hapo". Ni mashine yako.

Paswadi yako usimpe. Fungua akaunti ya pili isiyo na kitu, aingie huko.

Akimaliza usisaini haraka. Jaribu kila herufi ya kibodi, kamera, spika, wifi, matundu yote, chaja ikiwa ndani na ikiwa nje. Mazabodi ikibadilishwa ingia kwenye bayosi, ile menyu ya mashine kabla Windows haijawaka, uangalie kama siria namba ni ile ile ya kwenye stika. Wakati mwingine bodi mpya huja tupu na fundi anasahau kuiandika, na siku ukidai waranti tena mfumo wao unaona mashine isiyojulikana. Angalia pia Windows inasema imewezeshwa.

Hatua ya 6: Ukiamua kutuma

Bakapu na BitLocker kama hapo juu, tena hapa ni lazima zaidi, depo wanaweza kuifuta diski na wanakuandikia hivyo kwenye masharti. Toa memori kadi, laini ya simu, na kile kidude kidogo cha mausi kwenye USB. Chaja usitume kama hawajaiomba.

Betri ikiwa imevimba, kipadi cha mausi kimeinuka au kava halifungi, simamisha kila kitu. Usiichaji, usiifunge kwenye parseli, betri ya lithiamu iliyoharibika hairuhusiwi kwenye ndege. Waambie kampuni, wana utaratibu wake.

Piga picha pande zote, moja ikiwa na siria namba inasomeka. Funga laptopu kwenye plastiki mbili, midomo yake kwa selotepu, kisha povu la sentimita 5 kila upande, ndani ya boksi gumu lisilo na picha ya laptopu. Ukishalifunga litikise, ukisikia chochote kinacheza, fungua uongeze. Nalisisitiza hili kwa sababu ya pale Mokowe: parseli inatoka kwenye boti inapokelewa na mkono wa kwanza, inarushiwa wa pili, inaishia chini ya magunia ya viazi na kreti za soda, na maandishi ya "inavunjika" uliyoandika kwa kalamu nyekundu hakuna aliye na nafasi ya kuyasoma. Ukiweza livushe mwenyewe, ukalikabidhi ofisi ya kureya kwa mkono wako.

Tumia kureya waliyokuchagulia kampuni na lebo yao, ndo njia ikipotea ni mzigo wao. Kama unalipa mwenyewe, tangaza thamani halisi na uchukue risiti yenye namba ya kufuatilia. Usimpe kondakta wa basi kwa kujuana. Namba ya kesi iandike nje ya boksi na kwenye karatasi ndani, pamoja na jina, simu, na maelezo mafupi ya ugonjwa: inafanya nini, lini, baada ya muda gani.

Muda waliotaja ukipita, waandikie kwa imeli ukitaja tarehe, omba msimamizi. Wakiendelea kukuzungusha kuna sheria ya kumlinda mtumiaji ya 2012, na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya inapokea malalamiko ya wateja, na wewe una maandishi yote toka Hatua ya 2.

Ikirudi ifungue pale pale kwenye ofisi ya kureya huku mtu anakuchukua video, kabla ya kusaini. Linganisha na zile picha zako, kona na bawaba hasa, iwashe, na udai karatasi ya matengenezo inayosema kipi kimebadilishwa na lini, manake kipuri kipya nacho kina waranti yake. Apple kwa mfano wanatoa siku 90 au waranti iliyobaki, ile iliyo ndefu zaidi. Itumie kwa nguvu siku za mwanzo, usiiweke kabatini, ili kama ugonjwa haujaisha ujulikane wakati kesi yako bado iko mbichi.